Mtazamaji Awe Hakimu: Ebrahim Hussein na Mchezo wa Kiutenzi

Mazungumzo haya yahusu michezo ya kuigiza; si ile ya kuchekesha tu na kupitisha jioni, bali ile ambayo mtunzi wake amekusudia kumweka mtazamaji mahali pa hakimu. Kwanza tutaeleza namna hiyo ya mchezo ilivyo na ilikotoka. Kisha tutamtazama mtunzi mmoja wa pwani ya kusini ya Tanzania, Bwana Ebrahim Hussein. Wanafunzi wa Kiswahili wamelisikia jina lake, lakini katika ulimwengu mpana wa michezo halijulikani kwa kadiri kazi yake istahilivyo. Mwisho tutauliza swali lisiloepukika: yawaje mtu achukue namna ya kutunga iliyotengenezwa na Mjerumani, aitumie kusimulia vita ambavyo wazee wa kusini walipigana na Wajerumani wenyewe?

MICHEZO YA NAMNA MBILI

Mtu akienda kutazama mchezo, aghalabu ataka kusahau. Huketi gizani, akawatazama wachezaji kwenye mwanga, na baada ya kitambo akili yake hutoka pale alipoketi ikaingia katika mambo ya jukwaani. Mfalme akianguka, yeye hulia. Mwovu akikaribia, yeye hutetemeka. Aristotle, mwalimu wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kwamba mchezo wa msiba huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huusafisha moyo wa mtazamaji. Mafundisho hayo yalitawala michezo ya Ulaya kwa muda mrefu, na hapana mtu awezaye kuyadharau, maana kazi nyingi kubwa zimejengwa juu yake.

Lakini baada ya vita vya 1914 hata 1918 walitokea watu katika Ujerumani walioanza kuyatilia shaka. Miongoni mwao alikuwa Erwin Piscator, aliyekuwa akitengeneza michezo katika Berlin, na mwingine alikuwa Bertolt Brecht, aliyezaliwa Augsburg mwaka 1898. Brecht aliona hatari katika machozi ya mtazamaji. Mtu aliyelia kwa ajili ya maskini wa jukwaani hurudi nyumbani ametua moyo, akijiona amekwisha kutenda wema. Na maskini wa kweli, aliye mlangoni pake, yuko vile vile. Basi Brecht alitaka mchezo usiomchukua mtazamaji akili zake, bali unaomrudishia. Aliuita kwa neno lenye asili ya Kiyunani, epiki, maana yake ni usimulizi mrefu wa mambo yaliyopita. Sisi tulio na tendi hatuna haja ya kuhangaika kutafuta jina. Tutauita mchezo wa kiutenzi.

Mwaka 1933 Hitler alipotwaa utawala, Brecht alikimbia nchi yake, akakaa uhamishoni miaka mingi. Mchezo wake wa mama mchuuzi, uitwao kwa Kijerumani Mutter Courage, ulichezwa mara ya kwanza katika Zürich mwaka 1941. Mama huyo hufuata majeshi na gari lake la bidhaa, akichuma faida katika vita. Na vita vinamchukulia watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine, naye mwisho bado analivuta gari lile lile kufuata jeshi lile lile. Watazamaji walimlilia mama. Brecht hakuridhika. Alibadili baadhi ya sehemu ili watu wasimhurumie tu, bali waulize: mbona mama huyu hajifunzi, na ni nani afaidiye vita hivi? Mwaka 1949 yeye na mkewe, mchezaji Helene Weigel, walianzisha katika Berlin kundi la wachezaji liitwalo Berliner Ensemble. Akafa mwaka 1956.

SHAHIDI WA NJIANI

Brecht mwenyewe aliieleza kazi hiyo kwa mfano ulio rahisi kushikwa. Motokaa imemgonga mtu njiani. Watu wamekusanyika, na shahidi mmoja awaeleza waliochelewa jinsi ilivyokuwa. Huiga kidogo mwendo wa dereva, huiga kidogo mwendo wa yule aliyegongwa. Lakini hajisingizii kuwa yeye ndiye dereva wala ndiye majeruhi. Kusudi lake si kuwaliza waliosimama pale. Ataka wajue nani alikosea na ajali ingewezaje kuepukwa. Nao wana haki ya kumkatiza na kusema, "La, sivyo, mtu yule alitazama kushoto kwanza." Mchezaji wa mchezo wa kiutenzi hana budi kuwa kama shahidi huyo. Huonyesha mtu, wala hajigeuzi kuwa yeye.

Ili kulifikia kusudi hilo alitumia vyombo vingi, nasi tutavitaja vinne. Chombo cha kwanza ni kutoa habari mapema: kabla ya sehemu kuanza, watazamaji huambiwa litakalotokea, ili wasihangaike kuuliza "itakuwaje?" bali wapate nafasi ya kuuliza "kwa nini imekuwa hivi?" Cha pili ni wimbo au maneno yanayokatiza mambo katikati, yakamtoa mtazamaji katika usingizi wake. Cha tatu ni kuupanga mchezo vipande vipande, kila kimoja kikisimama peke yake, na baina ya kipande na kipande pawe na nafasi ya kufikiri. Cha nne, ambacho ndicho shina la vyote, ni kulitwaa jambo lililozoeleka na kulionyesha kana kwamba ni geni, hata mtu ashtuke na kusema, "Jambo hili nimeliona kila siku, na kumbe sijapata kulitazama!"

Wala vyombo hivi Brecht hakuviumba vyote mwenyewe. Mwaka 1935, katika mji wa Moscow, alimwona mchezaji mashuhuri wa Kichina, Mei Lanfang, akicheza bila mapambo wala mataa ya jukwaani, akionyesha mambo makubwa kwa ishara chache za mkono. Brecht alistaajabu, akaandika juu ya mchezo wa Kichina, na mengi aliyoyaona aliyatia katika mafundisho yake. Kwa hiyo tusidhani kwamba mchezo wa kiutenzi ni mali ya taifa moja. Ulikopa kabla ya kukopwa.

Na sisi tukitazama kwetu tutaona jamaa zake. Bibi ahadithiapo wajukuu jioni huwa sungura kwa sauti nyembamba, kisha huwa fisi kwa sauti nzito, lakini hasahau hata dakika moja kwamba yeye ni bibi, wala watoto hawasahau. Husema "Paukwa!" nao huitika "Pakawa!" Hukatiza hadithi akawauliza, "Je, fisi alifanya vema?" Na mara nyingi watoto wamekwisha kuijua hadithi hata mwisho wake; hawaketi pale kungojea mwisho, bali kuona jinsi mambo yanavyofuatana. Mfano wa shahidi wa njiani usingekuwa mgeni kwa bibi huyo.

MTUNZI WA LINDI

Ebrahim Hussein alizaliwa mwaka 1943 huko Lindi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akajifunza elimu ya michezo. Michezo yake ya mwanzo, Wakati Ukuta na Alikiona, yahusu mambo ya nyumbani. Katika Wakati Ukuta, binti ashindana na wazazi wake juu ya mambo ya zamani na mambo ya kisasa, na mchezo huo wafuata kwa kiasi kikubwa ile njia ya kale ya kumwingiza mtazamaji katika huzuni ya watu wa jukwaani.

Mwaka 1969 kilitokea kitabu chake Kinjeketile, na humo mlikuwa na sauti nyingine. Mwaka uliofuata mtunzi mwenyewe aliutoa kwa Kiingereza. Baadaye alikwenda Berlin, upande uliokuwa Ujerumani ya Mashariki, akasoma katika Chuo Kikuu cha Humboldt, na mwaka 1975 akamaliza huko maandiko yake ya udaktari juu ya maendeleo ya michezo katika Afrika ya Mashariki. Angalieni mfuatano wa miaka. Mchezo wa Kinjeketile ulikwisha kuandikwa kabla ya maandiko hayo ya Berlin. Katika miaka ile mafundisho ya Brecht yalikuwa yamekwisha kuenea duniani, na waliochunguza kazi ya Hussein wameziona alama zake katika mchezo huu. Lakini mtunzi hakuwa mtumwa wa mafundisho yale, nasi tutaonyesha kwa nini.

NENO LILILOWAUNGANISHA WATU

Kwanza tukumbuke habari zenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, walikuwa wakiitawala Tanganyika. Katika nchi za kusini walilazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya serikali kwa ujira mdogo mno, na siku za mashamba hayo ziliwanyima watu siku za kulima chakula chao. Mwaka 1904, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Wazee walisimulia kwamba alipagawa na roho wa Hongo, akaingia katika kidimbwi cha maji, akatoka siku ya pili akiwa mkavu. Alitoa maji ya dawa, akasema kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Watu wa makabila mengi, ambao zamani walikuwa wakishindana, walikwenda Ngarambe kuyapokea maji hayo.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba, na vita vikaanza. Mapema mwezi wa Agosti Kinjikitile alikamatwa akanyongwa huko Mohoro. Lakini maneno yake yalikwisha kumtangulia. Siku ya 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, na bombomu, yaani bunduki zitoazo risasi mfululizo, ziliwaangusha kama nyasi. Vita viliendelea hata 1907. Wadachi walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya waliokufa hukadiriwa tangu 75,000 hata 300,000.

Basi hapa pana tatizo kubwa kwa mtunzi yeyote. Maji hayakuzuia risasi. Mtu aweza kusema kwamba Kinjikitile alikuwa mdanganyifu, na watu walikufa kwa ujinga. Mwingine aweza kusema kwamba alikuwa shujaa asiye na doa, mwanzo wa uhuru uliopatikana mwaka 1961. Hukumu zote mbili ni rahisi, na zote mbili humwondolea mtu taabu ya kufikiri. Hussein hakukubali yoyote. Alisema waziwazi kwamba Kinjeketile wa mchezo wake ni kiumbe cha fikra, wala si yule mtu wa tarehe. Hata tahajia ya jina ni tofauti kidogo. Tena alibadili mwendo wa mambo. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa vita vilipokuwa vikianza tu. Kinjeketile wa mchezo aishi hata akaona watu wake wameshindwa. Kwa nini mtunzi alimbakiza hai? Kwa sababu alitaka kumweka mbele yetu mtu aliyelitoa neno, kisha akalazimika kulitazama tunda lake.

ALAMA ZA UTENZI KATIKA MCHEZO

Sasa tuonyeshe wapi mkono wa mchezo wa kiutenzi waonekana. Alama ya kwanza ni habari iliyokwisha kujulikana. Hapana mtu wa Tanzania aingiaye kutazama mchezo huu asiyejua kwamba maji yatashindwa na bunduki. Kwa hiyo mtunzi hana haja ya kubandika tangazo ukutani. Tarehe imekwisha kulibandika. Kila shangwe ya wapiganaji, kila ahadi ya ushindi, mtazamaji huisikia kwa masikio mawili: sikio moja lafurahi pamoja nao, la pili lajua kaburi liko wapi.

Alama ya pili ni kwamba mchezo hauanzi na maajabu, bali waanza na chakula. Wanawake wazungumza juu ya njaa na taabu ya nyumba, wakati waume wako katika kazi ya kulazimishwa ya pamba. Mtunzi wa namna nyingine angalianza mtoni, penye roho na kelele. Hussein atuonyesha kwanza tumbo, kisha roho, ili tufahamu kwamba watu hawakuyapokea maji kwa sababu walikuwa wajinga. Waliyapokea kwa sababu walikuwa wamebanwa pande zote, nao walikuwa wamegawanyika. Hivyo ndivyo jambo tulilolizoea, yaani habari ya "ushirikina wa wazee", ligeuzwavyo likawa geni, likadai kutazamwa upya.

Alama ya tatu ni majina. Baadhi ya watu wa mchezo hawana jina la nafsi. Huitwa kwa kabila tu, kama Mkichi au Mmatumbi. Hawa hawakuwekwa ili tuzijue siri za mioyo yao. Waonyesha hali ya watu wa siku zile, waliokuwa wakituhumiana wenyewe kwa wenyewe hata adui mmoja aliweza kuwatawala wote. Mgawanyiko huo ndio ugonjwa, na maji ndiyo dawa yake kabla ya kuwa kinga ya risasi. Hapo twaona kwamba neno la Kinjeketile lilikuwa kweli kwa upande mmoja na si kweli kwa upande wa pili. Halikuweza kugeuza risasi. Liliweza kugeuza makabila yakawa jeshi.

Alama ya nne, nayo ni kubwa kuliko zote, ni kwamba nabii mwenyewe aingiwa na shaka mbele yetu. Roho imesema kwa kinywa chake kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani Sultani wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Kinjeketile alipopata fahamu na kuambiwa maneno hayo, alishtuka. Je, watu wamwage damu kumtoa bwana mmoja ili wampokee bwana mwingine? Tangu saa hiyo yeye si nabii tu, bali ni mtu anayelihukumu neno lake mwenyewe. Ataka muda, ataka watu wajitayarishe. Lakini neno limekwisha kutoka nyumbani kwake, limekuwa la watu, na wapiganaji hawawezi kungoja tena. Mtunzi hatuambii nani alikosa. Atuonyesha mtu aliyelizaa neno kisha neno likamzidi nguvu, na ataka sisi tupime.

Hata tukafika gerezani. Watu wengi wamekufa. Mdachi amtaka Kinjeketile aseme mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo. Hapa angalieni vema jinsi swali lilivyo gumu. Akisema maji yalikuwa uongo, atakuwa amesema jambo ambalo yeye mwenyewe amekwisha kuliona. Lakini yeye akataa. Afahamu kwamba Mdachi hatafuti ukweli juu ya maji; atafuta kuwafundisha watoto watakaozaliwa kwamba kuipigania nchi yao kulikuwa kosa. Neno la kweli likisemwa kwa ajili ya adui huweza kuzaa uongo mkubwa kuliko uongo wa kwanza. Lakini mtu mwingine aweza kujibu: na wale ambao bado wako porini, wakiyategemea maji yale mbele ya bunduki, je, hawakustahili kuambiwa? Mchezo wakoma, na jibu halikutolewa. Limeachwa mikononi mwa watazamaji.

Hii ndiyo sababu tumesema kwamba mtazamaji awekwa mahali pa hakimu. Mchezo wa kiutenzi haukatazi machozi. Wakataza machozi yanayofunga macho.

TOFAUTI YA MWANAFUNZI NA MWALIMU

Tusifikiri, hata hivyo, kwamba Hussein alimfuata Brecht hatua kwa hatua. Mambo mawili yawatenganisha. Brecht hupenda kumwonyesha mtu mdogo, mwenye hila, anayeshindwa na hali ya dunia bila kujifunza, kama yule mama mchuuzi. Kinjeketile ni mtu mkubwa. Ajifunza, na kujifunza kwake kwamtia katika mateso. Kwa sababu hiyo tunamhurumia sana, na baadhi ya wachunguzi wamesema kwamba ndani ya mchezo huu Aristotle na Brecht wameketi mkeka mmoja. Hatuoni kwamba hilo ni doa. Msiba wa watu wako mwenyewe huwezi kuusimulia kwa moyo wa baridi, na mtunzi mwenye akili hutwaa chombo kwa kadiri ya kazi aliyo nayo.

La pili ni habari ya mizimu na roho. Mtu wa Ulaya angeweza kumdhihaki Hongo. Hussein hamdhihaki, wala hatuamuru kumwamini. Kinjeketile avutwa mtoni na nguvu isiyoonekana, na mtazamaji aachwe aamue mwenyewe ni nguvu gani: roho, au njaa na dhuluma zilizomjaa mtu hata zikamtoa nje ya nafsi yake.

Katika kazi zake zilizofuata safari iliendelea. Katika Mashetani, kitabu cha mwaka 1971, vijana wawili, Juma na Kitaru, waigiza mchezo ndani ya mchezo, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu. Watazamaji waona wazi kwamba hawa ni watu wanaoigiza, kisha taratibu waona kwamba uadui ule wa maigizo una mizizi katika hali za jamaa zao wenyewe, moja iliyopoteza cheo na mali, na nyingine iliyovipata, baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Na mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini pamoja na Ngao ya Jadi, katika kitabu kimoja. Hapa jukwaa limeachwa karibu tupu. Yuko mtambaji, asimuliaye kwa ushairi, akibadilika sauti kadiri ya watu anaowataja. Mtu aweza kusema kwamba hapa Brecht amefika mwisho wake; mwingine aweza kusema kwamba hapa bibi wa hadithi amerudi kwenye kiti chake. Sisi twaona kwamba wote wawili wamesema kweli.

MKOPO NA MALI YA NYUMBANI

Sasa twarudi kwenye swali letu la mwanzo. Je, si ajabu kwamba vita vya Maji Maji vimesimuliwa kwa msaada wa elimu iliyotoka katika nchi ile ile iliyoleta bombomu?

Jibu letu la kwanza ni kwamba Brecht mwenyewe alikuwa mkimbizi wa serikali ya nchi yake, na elimu yake ilikuwa silaha dhidi ya wenye nguvu wa huko kwao. Taifa si mtu mmoja. Jibu la pili ni kwamba chombo hakina kabila. Jembe la chuma lililotoka mbali hulima mtama wetu, na mtama haugeuki kuwa ngano.

Lakini jibu la tatu lina uzito zaidi. Lindi, mji aliozaliwa Hussein, ulikwisha kuwa na utenzi wa vita hivyo kabla ya yeye kuzaliwa. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi aliyekaa Lindi, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji katika siku za Wadachi wenyewe, na mwaka 1957 ulipigwa chapa katika Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tena, mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Gilbert Gwassa alizunguka kusini akiwauliza wazee waliokumbuka vita, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe walitoa kitabu cha habari hizo. Kwa hiyo mchezo wa Kinjeketile ulipotokea mwaka 1969, usimulizi ulikuwa umekwisha kuwapo, kwa wazee na kwa washairi. Kilichokuja kutoka ng'ambo kilikuwa fundisho moja lenye nguvu: kwamba usimulizi waweza kusimama jukwaani, na kwamba msimulizi halazimiki kutoa hukumu. Mtu akikopa mbegu, shamba likiwa lake na mvua ikiwa ya kwao, mavuno huyaita yake.

KWA WENYE KUTAKA KUUCHEZA

Kabla ya kuagana, twataka kusema neno kwa waalimu na wanafunzi, na kwa vikundi vya vijana katika vijiji. Watu wengine hudhani kwamba mchezo hauwezi kuchezwa pasipo pazia, mataa na mavazi ya gharama. Mchezo wa kiutenzi ni ndugu wa wenye mali kidogo. Uwanja chini ya mwembe wafaa. Jua la saa kumi latosha kuwa taa, kwa sababu hatutaki kumficha mtazamaji gizani. Twataka aonane na jirani yake wakati wa kutazama. Mchezaji mmoja aweza kuwa Mdachi kwa kuvaa kofia, na mtu mwingine akaivua. Hakuna haja ya kumdanganya mtu yeyote.

Tena, watazamaji wasitawanyike mara mchezo ukiisha. Mwalimu au mzee wa kijiji asimame aulize: Je, Kinjeketile alifanya vema kukataa kusema? Wapiganaji walikosa kuanza kabla ya wakati, au aliyewachelewesha ndiye aliyekosa? Umoja uliojengwa juu ya neno lisilo kweli waweza kudumu? Watu wabishane. Wengine watasimama upande huu na wengine upande ule, na pengine mjukuu atamjibu babu yake kwa adabu, na babu atakumbuka jambo alilolisahau. Mabishano hayo ni sehemu ya mwisho ya mchezo, ambayo mtunzi aliiacha wazi makusudi.

Maana neno halikomi kuzaliwa. Kila kizazi huja mtu mwenye neno zuri, linalowaunganisha watu na kuwapa moyo, na kila mara ni lazima tuulize: neno hili lina kweli kiasi gani, na tutalipa nini tukilifuata? Aliyejizoeza kuuliza hivyo mbele ya jukwaa hatashindwa kuuliza hivyo barazani, sokoni, wala penye mkutano mkubwa. Hiyo ndiyo faida ya mchezo wa kiutenzi, na hiyo ndiyo zawadi aliyotuachia mtunzi wa Lindi.